Mwizi wa Dawa Mara Nyingi Ana Ufunguo

Famasi nyingi mijini zinaonekana zimelindwa vya kutosha: nondo madirishani, kufuli mbili mlangoni, mlinzi na kirungu chake nje. Ulinzi huo unamzuia mwizi wa usiku. Haumgusi yule anayeingia mchana kwa sare ya kazi, akasalimiana na wenzake, akatoka na paketi mbili mfukoni.

Huyo anazuiwa na hesabu. Katika zahanati za Tanzania, wajumbe wa kamati ya kituo, wanakijiji wenyewe, huitwa kushuhudia maboksi kutoka Bohari ya Dawa (MSD) yakifunguliwa na kuhesabiwa. Dawa za serikali huwekwa alama ya GOT, na zikikutwa kwenye duka la mtu binafsi ni ushahidi tosha. Mifumo ya kompyuta kama GoTHOMIS inaonyesha kilichotolewa dirishani, lakini kompyuta haioni rafu. Lazima mtu ashushe makopo, ahesabu, alinganishe na leja, tena siku ambayo mtunza stoo hakuambiwa.

Dawa zinazochungwa kuliko zote ni mofini, pethidini na za jamii hiyo. Hizi hukaa kwenye kabati la DDA, yaani la dawa hatari, kufuli ndani ya kufuli. Ufunguo hautundikwi msumarini; anakuwa nao muuguzi wa zamu. Zamu zikipokezana, anayetoka na anayeingia husimama pamoja mbele ya kabati, wakahesabu ampuli moja moja, wakaangalia salio la kitabuni, kisha wote wawili wakatia saini. Kila dozi ina mstari wake: jina la mgonjwa, kiasi, saa, aliyechoma, aliyeshuhudia. Mgonjwa akihitaji nusu ampuli, nusu iliyobaki humwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa. Ampuli tupu nazo hurudishwa famasi ndipo mpya zitolewe.

Kwa muuguzi mwenye wodi iliyojaa, huo ni usumbufu mkubwa. Lakini tazama kilichotokea Marekani. David Kwiatkowski, fundi katika kitengo cha moyo cha Hospitali ya Exeter, New Hampshire, alikuwa akiiba sindano zilizojazwa fentanili, anajichoma, anazijaza maji ya chumvi na kuzirudisha. Alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Makumi ya wagonjwa wakaambukizwa. Desemba 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 39. Wagonjwa wale walilala kitandani wakiamini wanatulizwa maumivu, kumbe wanachomwa maji yenye virusi.

Mtaani tatizo lina sura nyingine. Mombasa vijana wanaviita bugizi, vidonge vya usingizi vinavyomezwa kwa ajili ya kulewa. Nigeria ilikuwa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Mwaka 2018 BBC iliwarekodi kwa siri wafanyakazi wa kampuni za dawa wakiiuza kwa magendo, na mara moja serikali ikapiga marufuku kuitengeneza na kuiingiza nchini. Hapo kufuli haina kazi. Kinachohitajika ni muuzaji wa kusema hapana kwa mteja asiye na cheti cha daktari, na mwenye duka wa kumuunga mkono hata mauzo ya siku yakipungua. Bila mwajiri kusimama upande wake, muuzaji anayelipwa kidogo hawezi kushinda shinikizo hilo peke yake, na si haki kumtwisha lawama zote.

Upo pia ukali unaoumiza. Mofini ya maji ndiyo inayowawezesha wagonjwa wengi wa saratani kulala usiku, wakiwemo wanaotibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kituo ambacho msimamizi ameondoka na ufunguo hadi Jumatatu kinaweza kuwa na kitabu safi kisichopungua ampuli hata moja, huku majeruhi wa ajali ya Jumamosi akilia mpaka asubuhi. Kwa hiyo mkaguzi anayefungua kabati lile aulize maswali mawili: salio liko sawa, na usiku wa manane nani analifungua?