Kwenda Porini: Je, Tubebe Bunduki?



Mwezi uliopita tulikuwa na mabishano marefu katika darasa moja la kisomo, huku magharibi mwa Dodoma. Somo la siku ile lilikuwa hesabu, lakini hesabu hatukufika mbali. Mzee mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, mimi ni mrina asali. Kiangazi nalala porini siku nne, siku tano. Tembo wapo, chui wapo, fisi ndio usiseme. Je, niende na nini mkononi?"

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akadakia kwamba dawa yake ni bastola. Alisema amewaona wawindaji wa Marekani kwenye sinema, kila mmoja ana bunduki ndefu begani na bastola kiunoni. Mwingine akasema bastola ni ya matajiri, sisi wa kijijini tuna gobore, linatosha. Mama mmoja akawauliza wote wawili: "Na mkikamatwa?" Basi, tukabishana mpaka jua likazama.

Tuliahidi kuliandika jambo hili gazetini. Tumewauliza wazee waliowinda zamani, tumezungumza na watu wanaoijua sheria. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuitazame hiyo bastola. Bastola ni bunduki fupi, ya kushika kwa mkono mmoja au miwili. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu kupigana na mtu, tena kwa karibu. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo tu risasi inakwenda kando. Na mkono wa nani hautatetemeka mbele ya simba? Risasi yake ni nyepesi. Tembo dume anaweza kufika uzito wa tani 6. Nyati dume anaweza kupita kilo 700, na mfupa wa kipaji chake ni mnene kama gogo. Ukimpiga na bastola hutamwua. Utamjeruhi, na kila mwindaji anajua kwamba nyati aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko nyati mzima. Anaingia kichakani, anazunguka, anakungojea kwenye njia yako mwenyewe.

Sasa hesabu, maana siku ile hatukuimaliza. Simba akikurukia kutoka mita 50, anakufikia kwa sekunde tatu au nne. Katika sekunde hizo umwone, utambue kwamba ni simba, utoe bastola, ulenge, ufyatue. Jaribu leo jioni nyumbani: weka kijiti kiunoni, mwambie mwanao apige makofi, wewe ukichomoe kile kijiti ulenge mti. Hesabu pole pole moja mpaka nne. Hapo hapana simba, na bado utachelewa.

Gobore je? Wazee wetu wanalijua. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia gololi au vipande vya chuma, unashindilia tena, halafu fataki. Kazi hiyo inakula dakika nzima, na risasi ni moja. Ukikosa, umebaki na fimbo ya chuma. Tena magobore mengi yametengenezwa na mafundi wa vijijini kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kuwa bunduki. Baruti ikizidi kidogo, bomba linapasuka. Katika darasa lile lile yupo bwana mmoja ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havipo. Hakung'atwa na mnyama. Ni gobore lake mwenyewe, alipokuwa akimwinda nguruwe pori shambani. Siku hizi anajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, na anaandika vizuri.

Iko hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Nani amekwenda katika vichaka vya Itigi, kule Manyoni? Pale miti imesongamana, humwoni mwenzako aliye hatua kumi mbele. Unasikia majani yanavunjika. Ni nguruwe? Ni fisi? Au ni jirani yako anayetafuta kuni? Mtu mwenye hofu na bunduki mkononi hufyatua kwanza, huuliza baadaye.

Lakini tusiwe wa upande mmoja. Ziko nchi ambako mtu wa porini kubeba bastola ni jambo la kawaida. Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani, wapo dubu wakubwa kuliko simba, na wawindaji na wavuvi wengi wa kule wana bastola. Wapo waliookoka kwa hizo bastola, hatukatai. Lakini wataalamu wa kule walichunguza pia kitu kingine: kopo la maji ya pilipili ambalo mtu anampulizia dubu usoni. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba pale lilipotumika kwa dubu wa kahawia, lilimzuia kiasi cha mara 92 katika kila mara 100. Pilipili, ndugu zangu! Nasi huku tunaijua kazi yake. Katika vijiji vingi vya Tanzania vinavyopakana na mapori, wakulima wanapaka pilipili na oili chafu kwenye kamba za kuzungushia shamba, au wanachanganya pilipili na kinyesi cha tembo na kukichoma usiku. Tembo hapendi moshi ule, anageuza njia.

Sasa tuje kwenye swali la yule mama: na mkikamatwa?

Hapa inabidi tusome pole pole. Bunduki yoyote, iwe bastola, gobore au raifo, inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kuwa nayo bila leseni. Maombi yanaanzia huku huku chini, kwenye kamati ya ulinzi na usalama, yaani kwa watu wanaokujua tabia yako, kisha yanapanda wilayani na mkoani kwa polisi. Na leseni ya bastola ni ya kujilinda. Haikupi ruhusa ya kuwinda hata digidigi.

Kuwinda kuna sheria yake, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1974. Wazee watakumbuka pia kwamba mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji wote nchini, mpaka mwaka 1978. Kwa hiyo mambo ya kuzuia uwindaji si mageni kwetu. Sheria ya sasa inasema kwamba huwezi kuwinda bila leseni, na leseni inataja mnyama gani na mahali gani. Sumu, mitego ya waya na mashimo vimekatazwa.

Vile vile sheria imeyatenga maeneo. Huku kwetu kuna Pori la Akiba la Swagaswaga na la Mkungunero upande wa Kondoa na Chemba. Kuna Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni. Katika pori la akiba huruhusiwi kuingia bila kibali, na ukikutwa humo na bunduki, au upinde na mishale, bila ruhusa, ni kosa hata kama hujaua kitu. Katika hifadhi ya taifa kama Ruaha mambo ni makali zaidi: hata panga na mkuki vimewapeleka watu mahakamani. Mtu anasema, "Panga langu ni la kukatia njia." Hakimu anamwuliza njia ya kwenda wapi.

Na ukikutwa na nyama au pembe, hiyo inaitwa nyara ya Serikali. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Mtoto uliyemwacha mgongoni mwa mama yake, utamkuta ana ndevu.

Hapa kijana wetu wa bastola aliuliza swali zuri. "Je, mnyama akinijia kuniua, nikae nimtazame?" La. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2009 inasema kumwua mnyama kwa kuokoa maisha ya mtu si kosa. Lakini lazima utoe taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori, au kwa viongozi wa kijiji na polisi ili wao wamfikishie. Nyama na ngozi si mali yako, ni mali ya Serikali. Tena utetezi huo haumsaidii mtu ambaye alikwenda kuwinda kwa wizi, akamchokoza mnyama, kisha anasema alijihami. Na kama mnyama amemwumiza mtu au kumwua, familia ipeleke habari mara moja. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka malipo yanayoitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Fedha hizo hazilingani na mtu, hakuna asemaye hivyo. Lakini ni haki, na anayechelewa kutoa taarifa anaweza kuikosa.

Sasa tumjibu mzee wa asali. Aende na nini?

Sisi tunaona kitu cha kwanza ni mwenzake. Asiende peke yake. Watu wawili au watatu wanaozungumza njiani wanasikika mbali, na wanyama wengi wakisikia watu wanaondoka wenyewe. Ajali nyingi hutokea pale mtu anapomkuta mnyama ghafla, pua kwa pua. Pili, awaambie watu wa nyumbani anakwenda upande gani na atarudi siku gani. Tatu, abebe panga na shoka za kazi yake, fimbo ndefu, kiberiti, tochi na filimbi. Filimbi ni kitu kidogo, lakini mtu aliyevunjika mguu akipiga kelele kwa saa moja sauti inakauka, filimbi haikauki. Na kama mizinga yake iko ndani ya msitu wa hifadhi au pori la akiba, kibali kiwe mfukoni, kimesomwa, tarehe yake haijapita. Hii ndiyo faida ya kisomo!

Usiku asilale chini peke yake. Fisi wengi humshambulia mtu aliyelala, usoni hasa. Walale karibu karibu, moto uwe unawaka, wapokezane zamu.

Akimwona tembo kwa mbali, atupe vumbi kidogo hewani ajue upepo unakwenda wapi. Tembo haoni vizuri, lakini ananusa sana. Azunguke upande ambao upepo hautampelekea tembo harufu yake. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa, mara nyingi anatisha tu. Rudi nyuma taratibu. Akibana masikio na kukunja mkonga, hapo anakuja kweli. Weka jabali au mti mkubwa kati yako na yeye. Kwa nyati, mti wowote unaopandika ni rafiki. Kwa simba, usikimbie kabisa. Anayekimbia ni nyama. Simama, jikuze, inua mikono na nguo, piga kelele, rudi nyuma ukimtazama. Chui, ukimkuta, usimkazie macho. Mpe njia aondoke.

Tumemwacha nyoka kwa makusudi, kwa sababu yeye hajali bunduki. Moma hulala katikati ya njia, hakimbii, anangoja akanyagwe. Mtu mwenye gobore begani na ndala miguuni amejilinda mahali pasipohitajika. Avae viatu vya kufunika mguu, na usiku amulike kila hatua. Akiumwa, asikatwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza. Mguu ufungwe kwenye kijiti usichezecheze, abebwe hospitali haraka. Mawe meusi na kunyonya sumu kwa mdomo vinapoteza muda tu.

Na mwindaji mwenye leseni? Yeye tayari ana bunduki ndefu inayofaa. Ya nini bastola juu yake? Mzigo wa kilo moja kiunoni afadhali uwe maji ya kunywa. Anayetaka nyama tu, bila adha hizo, kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Bei yake ni ya juu, kweli, lakini ukila hutazami dirishani.

Siku tulipomsomea mzee maneno haya, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Sawa, mwalimu. Lakini gobore la marehemu baba liko darini tangu enzi za Operesheni Dodoma. Silitumii. Nalo ni kosa?"

Ndiyo, ni kosa. Bunduki hairithiwi kama jembe au ng'ombe. Lakini iko njia. Mara kwa mara Serikali hutangaza kipindi cha msamaha, kama ilivyofanya mwaka 2022, na anayesalimisha silaha kwa hiari katika kipindi hicho hashitakiwi. Tulimshauri asilibebe gobore barabarani kabla ya kuzungumza na mtu, kwa sababu akikutana na askari njiani ataeleza nini? Aende kwanza mikono mitupu kwa ofisa mtendaji, aeleze, wapange pamoja namna ya kulifikisha polisi.

Alikwenda Jumatatu. Alituomba tumwandikie barua, tukakataa, tukamwambia aandike mwenyewe. Iliandikwa mistari sita, na neno "gobore" alilikosea mara moja tu.