Michezo: Sataranji ya Fischer inatafuta wachezaji, kukariri vitabu hakutoshi tena

Katika mchezo wa sataranji, ule wengi kwetu tunauita échecs, mwenye vitabu vingi mara nyingi anamshinda mwenye akili tupu. Chess960 inataka kubadilisha jambo hilo.

Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1972, alitangaza namna hiyo ya kucheza mjini Buenos Aires, inchini Argentina, mwezi wa sita 1996. Kete zinatembea vilevile. Lakini kabla ya kuanza wanapiga kura, na mstari wa nyuma unaweza kupangwa kwa namna 960. Kuna masharti machache tu: kwa mfano, mfalme lazima akae kati ya ngome mbili.

Shida ni kuvuta watu. Aliyetumia miaka mingi kukariri mianzo ya mchezo hapendi kuitupa kwa siku moja. Tena, matokeo hayo hayaingii katika alama za kawaida za FIDE, shirikisho la dunia.

Waandaaji wamejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kufungua mlango. Mwaka wa 2019, FIDE iliruhusu kila mtu anayetaka kuanza mchujo kwa njia ya intaneti. Fainali ilichezwa Norwe, na Wesley So wa Marekani akamshinda Magnus Carlsen, mtoto wa inchi hiyo, kwa 13.5 kwa 2.5. Watu walishangaa sana.

Njia ya pili ni pesa na majina makubwa. Mashindano ya Freestyle Chess yalianza Weissenhaus, Ujerumani, mwaka wa 2024, yakafika Paris na Las Vegas mwaka wa 2025. Lakini hatua iliyopangwa New Delhi ilifutwa kwa kukosa wafadhili. Pesa ikikauka, meza inafungwa.

Kwa vijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi, njia ya kwanza ndiyo rahisi. Hakuna cha kununua: ubao ni ule ule, kete ni zile zile, na dadu moja inatosha kupiga kura. Siku hiyo, mwanafunzi asiye na kitabu hata kimoja na mkubwa aliyesoma vyote wanaanza kufikiri pamoja, tangu hatua ya kwanza. Anayetaka kujaza ukumbi aanze kwa kuwaambia vijana neno hilo.