Je, Kupima Dawa ni Kumjaribu Mungu?

Tangu mwezi wa Agosti 2018 hata Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliwaua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri. Katika siku zile za taabu waganga wa hospitali walifanya kazi moja ambayo Wakristo wengine hawaifahamu hata leo. Waliwapigia wagonjwa kura: huyu apate dawa hii, yule apate dawa nyingine. Wako wanaouliza, Je, maisha ya mtu ni kitu cha kupigiwa kura? Je, huku si kumjaribu Mungu? Tena wako wanaosema, Afadhali mgonjwa akae nyumbani tumwombee.

Swali hili si la upumbavu, wala sitalijibu kwa kusema tu kwamba waganga wanajua. Tuanze na habari ya watu wawili.

Mwaka wa 2014 Ebola ilienea katika Liberia, Guinea na Sierra Leone. Katika mji wa Monrovia mganga mmoja wa misheni, Mmarekani jina lake Kent Brantly, aliugua alipokuwa akiwatunza wagonjwa. Alipewa damu ya kijana aliyekwisha kupona Ebola, akapewa pia dawa mpya iitwayo ZMapp. Wakristo wa nchi nyingi walimwombea. Akapona, akatoka hospitali huko Atlanta mwezi wa Agosti, akamshukuru Mungu mbele ya watu. Habari yake ilienea duniani pote, na wengi wakasema, Dawa ya Ebola imepatikana.

Lakini mwezi ule ule padri mmoja wa Hispania, Miguel Pajares, aliyeambukizwa katika mji ule ule wa Monrovia, alipelekwa Madrid, akapewa ZMapp. Yeye naye alikuwa na watu wa kumwombea. Akafa.

Basi tuseme nini? Tukisikia habari ya kwanza peke yake, tutasema ZMapp inaponya. Tukisikia ya pili peke yake, tutasema haifai kitu. Watu wawili hawatoshi kutuonyesha, kwa maana wako wanaopona Ebola pasipo dawa, na wako wanaokufa wakiwa wamepewa dawa nzuri. Na moyo wa mtu hukumbuka yale unayoyapenda. Aliyepona husimama kanisani na kushuhudia. Aliyekufa hawezi kusimama. Nabii Yeremia alijua sana jinsi moyo unavyodanganya (soma Yeremia 17:9). Mimi naona ya kuwa waganga waliopiga kura walifanya kama watu waliolisikia neno la nabii, hata kama wengine wao hawakulisoma. Hawakuiamini mioyo yao wenyewe.

Fikiri hivi. Mganga akiachiwa kuchagua, atampa dawa anayoisifu yule kijana ambaye bado ana nguvu, au mama anayemhurumia, au jamaa ya rafiki yake. Mwisho wengi wakipona, hatujui ni dawa iliyowaponya au ni nguvu zao. Kura haina rafiki. Huwagawanya wenye nguvu na wadhaifu, wakubwa na wadogo, karibu sawasawa katika kila fungu. Kisha tofauti itakayoonekana katika mafungu yale, tunaweza kusema ni ya dawa. Wala hapakuwa na fungu lililoachwa mikono mitupu: kila mgonjwa alipata moja katika dawa nne, pamoja na maji ya mishipani na utunzaji wote. Wala hakuingizwa mtu ila kwa kukubali kwake au kwa kukubali kwa jamaa zake. Mitume nao walipiga kura walipomtafuta mtu wa kushika mahali pa Yuda (Matendo 1:26), wala hatusemi kwamba walifanya mchezo.

Tena mkumbuke Danieli. Hakumwambia msimamizi, Uniamini tu kwa sababu mimi ni mtu wa Mungu. Aliomba siku kumi. Yeye na wenzake watatu wale mboga na kunywa maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme (Danieli 1). Kilichopimwa pale ni chakula. Danieli hakumweka Mungu katika mizani, na waganga wa Ebola hawakumweka; dawa ndiyo iliyopimwa.

Kazi ile ilianza mwezi wa Novemba 2018, nayo ilifanyika Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo mwenzetu, yule aliyefika Yambuku mwaka wa 1976 Ebola ilipoonekana mara ya kwanza katika nchi yetu. Wagonjwa 681 waliingia. Mwezi wa Agosti 2019 hesabu ilitazamwa. Katika kila watu 100 waliopewa ZMapp, dawa ile iliyosifiwa, karibu 50 walikufa. Katika waliopewa remdesivir, 53. Lakini katika waliopewa mAb114 walikufa kama 35, na katika waliopewa REGN-EB3 kama 34. Mara moja dawa mbili za kwanza zikaachwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili bora. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka wa 1995; miaka 11 baadaye damu yake ilikuwa bado na askari wanaojua kupigana na ugonjwa ule. Ninapowaza habari hiyo, mimi humsifu Mungu kwa sauti.

Hesabu ile ilionyesha neno lingine pia, nalo linatuhusu sisi wa makanisa kuliko kura. Kila siku mgonjwa aliyokaa bila kufika hospitali tangu ugonjwa uanze, hatari ya kufa iliongezeka. Siku tatu za kufunga na kuomba katika chumba kilichofungwa, mgonjwa akitapika na ndugu wakimwekea mikono, ni siku tatu ambazo dawa ingefanya kazi, tena ni siku za kuwaambukiza wanaomwombea. Hakuna andiko linaloamuru maombi yafanyike mbali na hospitali. Isaya alimletea Hezekia habari kwamba maombi yake yamesikiwa, kisha akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20).

Kwa hiyo homa ikianza wakati Ebola imetangazwa, mwite mwuguzi siku ile ile, wala usimguse mgonjwa kwa mikono mitupu. Mchungaji akitaka kuomba pamoja naye, awaulize waganga mahali pa kusimama. Kule Beni vilitumiwa vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani. Watu wa nyumbani walisimama nje karibu na kitanda, wakamwona mgonjwa wao na kusema naye.