Umeumia kichwa? Usipuuze mapigo ya moyo

Mwanao alianguka kwenye bodaboda wiki tatu zilizopita. Picha ya kichwa haikuonyesha damu kuvuja, jeraha limepona na amerudi shule. Lakini akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Mnasema ni mvivu. Huenda si uvivu.

Wengi hudhani moyo wenye afya hudunda kama saa ya ukutani. Sivyo. Ukivuta pumzi mapigo huongezeka kidogo, ukiitoa hupungua. Muda kati ya pigo moja na jingine hubadilikabadilika, na kwa watoto na vijana mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi. Hiyo ni dalili njema.

Anayeyasimamia ni ubongo, kupitia mishipa ya fahamu. Ipo inayokanyaga mafuta na ipo inayoshika breki. Ubongo ukitikisika, mawasiliano hayo yanaweza kuvurugika, breki ikalegea na mabadiliko yakapungua. Kwa majeruhi aliye mahututi, yakipungua sana huwa ishara ya hatari. Kwa aliyepata mtikisiko mdogo, mapigo yanaweza kuwa sawa akiwa amepumzika, kasoro ikajitokeza anapojishughulisha.

Ufanye nini? Apumzike siku moja hadi mbili za mwanzo, kisha aanze kutembea taratibu. Dalili zikizidi, apunguze mwendo. Kulala kitandani wiki nzima hakumsaidii. Asirudi kwenye mpira mpaka daktari amruhusu, kwani akigongwa tena kabla ya kupona anaweza kupata madhara makubwa zaidi. Anywe maji ya kutosha, alale mapema na asimame polepole.

Saa za mkononi zinazopima mapigo zisikutie hofu wala kukupa matumaini ya bure. Usingizi, homa, chai kali na mawazo pia hubadilisha vipimo hivyo.

Mpeleke hospitali haraka akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akizimia.

Na ukifika kwa daktari kwa sababu ya moyo kwenda mbio, usisahau kumweleza kwamba mtoto aliumia kichwa, hata kama ni miezi kadhaa imepita. Asipoambiwa, anaweza kutafuta tatizo kwenye moyo pekee.