Siyu: Mji wa Ngome na Kalamu

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Sisi wa Msangeni na milima ya Upare twaweza kuifanya safari hiyo kwa kusoma habari za Siyu, mji mdogo wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya.

Siyu hufikiwa kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na vyombo husubiri maji yajae. Ukingoni imesimama ngome ya matumbawe na chokaa, yenye minara ya duara pembeni. Ngome mashuhuri za mwambao zilijengwa na Wareno au Waomani. Hii, ya karne ya 19, huhesabiwa kuwa kazi ya Waswahili wenyewe.

Katika miaka ya 1840 mtawala wa Siyu, Bwana Mataka, aliyakataa mamlaka ya Seyyid Said wa Zanzibar. Jeshi la Seyyid lilishindwa huko na jemadari wake, Hamad bin Ahmed, akauawa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said. Mwaka 1863, zama za Seyyid Majid, mji ulisalimu amri.

Lakini fahari ya Siyu haikuwa kuta. Ulikuwa mji wa wanazuoni, mafundi wa ngozi na wa mbao, na waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Mke wa Bwana Mataka, Mwana Kupona binti Msham, alitunga utenzi wake maarufu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye Mwana Hashima.

Tuzingatie basi. Ngome haikuulinda utawala hata miaka 10 baada ya Bwana Mataka. Wasia wa mama mgonjwa ungali unasomwa, kwa kuwa watu waliuhifadhi vifuani na kuunakili.

Je, masanduku ya babu zetu yana nini? Sheria inaruhusu msahafu uliochakaa uzikwe au uchomwe kwa heshima. Hata hivyo, ukiwa umeandikwa kwa mkono, aonyeshwe kwanza mwalimu wa madrasa, asome jina la mwandishi na tarehe. Mchwa hawangoji, na karatasi ikishaliwa hairudi.

Wallahu a'alam.