Je, Wajua? Daftari, Kalamu na Moyo Uliojaa

Je, wajua kwamba mojawapo ya shajara za kale zilizoandikwa Kitui ni ya mtu aliyekuwa akikimbia kuokoa roho yake? Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani wa Rabai, alifika Ukambani mwishoni mwa 1849, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Tarehe 3 Desemba, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya kwa mbali. Alirudi 1851, na safari hiyo ikageuka msiba. Karibu na Mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, naye Krapf akatokomea porini peke yake. Alipoufikia mto alikunywa akashiba, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji ya njiani, basi akayajaza kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika, pamoja na kiu na njaa yake. Wanahistoria huzisoma kurasa hizo wakitafuta milima na mito. Mimi naona humo pia mtu aliyepita pabaya, akakaa chini kuyapanga yaliyompata, moja baada ya jingine.

Je, wajua kwamba faida ya kuyapanga hivyo imepimwa? Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 46 wa chuo. Kila mmoja aliandika dakika 15 kwa usiku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu. Wengine waliandika juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani: kundi moja liliandika matukio bila hisia, jingine hisia bila matukio, na jingine yote mawili. Katika miezi iliyofuata, walioandika yote mawili ndio waliopunguza safari za kwenda zahanati ya chuo.

Hapo ndipo penye siri, na wengi huipita. Ukiandika "ndengu zimekauka," umetoa habari. Ukiandika "nina uchungu," umelia. Andika hivi: "Ndengu zimekauka, karo ya muhula haijalipwa, na jioni naona haya kumtazama mwanangu machoni." Sasa shida ina mwanzo, ina sababu, na ina mahali inapouma. Unaweza kuishika na kuigeuza uione upande wa pili.

Ni kweli pia kwamba wanafunzi wale walipoweka kalamu chini walijisikia vibaya zaidi kuliko walipoanza. Nafuu ilikuja baadaye. Kwa hiyo anayeanza asishtuke akitokwa na machozi usiku wa kwanza, lakini jambo likimzidi, aache aandike lingine. Na asitarajie miujiza: Joanne Frattaroli alipokusanya tafiti 146 za aina hii mwaka 2006, alikuta kwamba kuandika kunasaidia, ila kwa kiasi kidogo. Kwa kitu kinachogharimu daftari na biro, kiasi kidogo nakipokea kwa mikono miwili.

Je, wajua kwamba sarufi haina kazi hapa? Maagizo ya kawaida ya Pennebaker humwambia mwandishi asijali tahajia wala mpangilio wa sentensi. Hili lina uzito kwetu, kwa maana wengi tuliijua shajara darasani, kama insha inayosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Hii ya moyo haisahihishwi. Iandike kwa Kikamba, kwa Kiswahili, au kwa vyote viwili katika mstari mmoja, kama unavyoongea nyumbani.

Kuutua mzigo wa moyo si jambo jipya kwetu. Kabla ya daftari, Ukambani palikuwa na ngoma ya kilumi, ambayo wanawake waliipiga kuomba mvua na kuwatuliza waliosumbuliwa na pepo. Mzigo wa mtu mmoja ulibebwa mbele ya kijiji kizima.

Je, wajua kwamba Makueni ilikuwa miongoni mwa sehemu tano za Kenya ambako, kati ya 2012 na 2013, karibu kaya 300 zilifuatwa mwaka mzima na mapato na matumizi yao kuandikwa? Utafiti huo uliitwa Kenya Financial Diaries. Ulionyesha jinsi kipato cha nyumba kinavyopanda na kushuka mwezi hadi mwezi. Nani hajakesha akihesabu madeni kichwani? Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliripoti kwamba walioandika kwa dakika tano kazi za siku zijazo kabla ya kulala walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzifanya. Deni la duka, zamu ya chama, dawa ya mbuzi: yaandike, kisha uzime taa.

Je, wajua kwamba ukurasa unaweza pia kufungua mlango wa hospitali? Makueni, shirika la Profesa David Ndetei, Africa Mental Health Foundation, lilifundisha wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii kutambua msongo na huzuni kubwa, likawaweka meza moja na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini. Anayeshindwa kusema mbele ya muuguzi anaweza kumpa daftari asome.

Na kama ukurasa huo unasema hutaki kuishi, usiufiche kwa kuogopa polisi. Sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, mpaka tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya msaada, 1199, na kuipiga ni bure.