Swichi Isiyosahau: Kuhifadhi na Kurejesha Usanidi wa Mitandao Kigali

Tangu mwaka 2004 kampuni za intaneti nchini Rwanda hukutanisha mitandao yao Kigali katika kituo kiitwacho RINEX, ambacho kiko chini ya RICTA, taasisi inayosimamia pia majina ya tovuti yanayoishia na .rw. Kabla ya hapo barua pepe iliyotumwa kutoka mtaa wa Kacyiru kwenda ule wa Nyamirambo, yote ikiwa Kigali, iliweza kupaa hadi kwenye setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000, ikashukia Ulaya au Marekani, kisha ikarudi kwa gharama ile ile. Kiini cha kituo cha namna hii ni swichi, yaani kifaa kinachopokea data kupitia mlango mmoja na kuitoa kupitia mlango unaostahili.

Kinachoiongoza swichi ni usanidi wake, nao ni mistari ya maandishi inayobainisha kila mlango ni wa nani, milango ipi iwe kundi moja lililotengwa na mengine, na ni nani mwenye ruhusa ya kubadilisha chochote. Radi ikiunguza kifaa, kingine hununuliwa. Lakini maandishi hayo, yaliyorekebishwa kidogo kidogo na mafundi kadhaa kwa miaka mingi, hayapatikani dukani.

Swichi nyingi huwa na usanidi wa aina mbili: ule unaotumika wakati huo, ambao hukaa katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, na ule unaosomwa kifaa kinapowashwa. Fundi akibadilisha wa kwanza bila kuuhifadhi katika wa pili, kazi huendelea vizuri hata kwa miezi, mpaka siku umeme unapokatika na swichi kuamka na maagizo ya zamani. Na hapo, bila shaka, lawama huenda kwa umeme.

Hata usanidi uliohifadhiwa hupotea swichi ikiungua, hivyo nakala yake huwekwa nje ya kifaa. Kwa muda mrefu nakala hizo zilihamishwa kwa TFTP, itifaki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo haiulizi nywila wala haifichi kinachopita, ilhali usanidi hubeba siri za mtandao mzima. Leo busara ni kutumia njia zilizosimbwa, pamoja na programu kama RANCID au Oxidized, ambazo huingia katika kila swichi kwa ratiba, huchukua usanidi na kuulinganisha na uliotangulia, kisha huonyesha mistari iliyobadilika na tarehe yake. Faida ya historia hiyo huenda ikaipita ya nakala yenyewe, kwa kuwa hitilafu nyingi huanzia kwenye mstari mmoja ulioguswa jana.

Ugumu halisi umo katika kurejesha. Katika vifaa vingi vya kampuni ya Cisco, kunakili faili la zamani juu ya usanidi unaotumika hakuufuti, bali huvichanganya viwili hivyo, hivi kwamba mstari mbaya ambao haumo katika faili hubaki ulipo. Ndiyo maana ipo amri tofauti ya kubadilisha usanidi wote. Swichi mpya ya toleo jingine huenda ikaita milango yake kwa majina mengine, orodha ya makundi ya milango huweza kuwa katika faili la pembeni, na funguo za usimbaji kwa kawaida hazimo katika maandishi yanayonakiliwa.

Isitoshe, fundi aliye Kigali anayerekebisha swichi iliyo Rusizi, magharibi mwa nchi, kupitia mtandao ule ule anaweza kujifungia nje kwa amri moja, kisha akalazimika kusafiri kwa saa kadhaa. Vifaa vya kampuni ya Juniper vina kinga nzuri ambayo fundi anaweza kuichagua: mabadiliko yasipothibitishwa ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni dakika 10, usanidi wa awali hurudi wenyewe. Hata kampuni kubwa hujifungia nje: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka kwa takriban saa sita baada ya amri ya matengenezo kukata uti wa mgongo wa mtandao wake, na wahandisi walizuiwa na kukatika huko huko walikotaka kukuondoa. Kwa hiyo seva inayotunza nakala haifai kutegemea swichi ile ile ambayo nakala yake inaitunza. Nakala nyingine huwekwa katika jengo tofauti, na kebo ya konsoli, inayoingia katika swichi bila kupitia mtandao, hubaki karibu na kifaa.